Nailoni ya Viti

Jumatatu, 3 Machi

Mvua asubuhi. Gari limelala salama chini ya turubai. Namshukuru Mungu, nawashukuru na watoto waliochanga wakatununulia mwaka jana. Bado jipya kabisa. Nailoni ya viti sijaitoa. Mama watoto hulalamika kwamba inamnata wakati wa joto, na akijigeuza inalia kama bata. Nimemweleza tena: kitu kisichofunguliwa hakizeeki. Akasema basi ningemtunza na yeye ndani ya nailoni, leo asingekuwa na goti bovu.

Adhuhuri Jirani wa Juu akaingia uani na gari jipya. Refu la kwenda juu. Akashusha kioo na kuniuliza habari za huko chini, mzee mwenzangu. Huko chini! Nimevumilia miaka yote akiishi juu ya dari yangu na kuburuta viti. Sasa hata barabarani?

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda yadi ya magari, peke yangu. Muuzaji ana tabasamu lisilozimika, basi nitamwita Bwana Tabasamu. Amelizunguka gari letu. Ameipapasa nailoni kama mtu anayepapasa shavu la mtoto mchanga. Akanishauri nisichelewe: gari ni kama mkate wa asubuhi, mzee wangu, ikifika jioni hauna mwenyewe. Yuko tayari kulichukua hili na kunipa refu, tena lenye rangi kali kuliko la jirani. Kwa nyongeza kidogo tu.

Nyongeza! Nilisoma prufu kiwandani kwa wachapaji, nikisaka makosa kabla ya kuchapa, mpaka nikastaafu. Mimi sifundishwi maneno. Kule nilikozaliwa, kule nisikoweza kurudi, muuza nafaka alijaza kibaba, akakisawazisha kwa kiganja, kisha akatupia konzi moja juu. Konzi ile ndiyo nyongeza. Ni zawadi ya muuzaji kwa mnunuzi. Sikuisikia kwa miaka mingi, na leo nimeikuta kwa muuza magari.

Yaani nampa dogo, ananipa kubwa, halafu ananiongezea. Njiani nilimwonea huruma. Ana watoto, bila shaka.

Jumatano, 5 Machi

Nimempigia binti yetu mkubwa, kumpima kwa mbali. Nikamuuliza, ikiwa mtu amepewa zawadi, na zawadi ikaweza kukua, je, waliotoa watakasirika? Akauliza: Baba, umekwenda yadi? Nikasema nimepita tu. Akasema walizunguka mji mzima kutafuta gari fupi, ili mama aingie bila kuinua goti. Bila gari lile hafiki kliniki, na asipofika kliniki goti litakaza, Baba, litakaza kabisa.

Nimemshukuru kwa kunikumbusha. Watoto wa siku hizi ni wema, ila mawazo yao mafupi. Goti linahitaji mazoezi. Gari refu ni mazoezi.

Ijumaa, 7 Machi

Nilimwambia mama watoto tunakwenda kupunga upepo. Akavaa gauni la kutokea. Tulipoingia yadi akanitazama. Nalijua tazamo lile.

Bwana Tabasamu alifungua mlango wa gari refu. Mama watoto akauliza ngazi iko wapi. Akainua mguu mzima; ule mbovu ukakataa kumsukuma. Akainua mbovu; ukakataa kupanda. Bwana Tabasamu akakimbia ofisini, akaja na kigoda. Kigoda kikayumba. Akashuka, akajishika mlangoni, akavuta pumzi. Kisha akaniambia polepole kwamba mara ya mwisho kupandishwa namna hii ilikuwa kwenye lori, siku ile tulipotoka kwetu, na alijiapia hatapandishwa tena kama gunia. Baba watoto, akasema, umesahau?

Sikuwa nimesahau. Siku ile nilikuwa nimeshika masanduku.

Bwana Tabasamu akaleta habari ya nyongeza. Nikamuuliza nitaipokea lini. Akaniuliza nitailipa lini. Tukatazamana. Nikasema nyongeza ni ya mteja. Akasema naam, ndivyo alivyosema tangu mwanzo, nyongeza ni ya mteja. Tukapeana mikono kwa kukubaliana. Ilichukua muda kugundua kwamba kila mmoja wetu alikuwa amekinga kiganja.

Aibu. Maisha yangu yote nimesahihisha makosa ya wengine.

Nyuma yangu nikasikia kitu kinachanika. Mama watoto alikuwa amekwisha kuingia katika gari letu, nyuma kwanza, kisha miguu, bila msaada wa mtu. Alikuwa akiing'oa nailoni. Ya kiti chake, halafu ya changu. Bwana Tabasamu alizima tabasamu, mara ya kwanza. Mama watoto akakunja ile nailoni, akaniwekea mikononi, akaegemea kitambaa. Sasa nimekaa, akasema.

Nimelifikiria neno hilo njia nzima. Kukaa ni kuketi, kukaa ni kuishi mahali. Tumeishi katika nyumba hii miaka na miaka na masanduku yetu bado yako juu ya kabati, yamefungwa kamba, yakisubiri. Viti havikulia kama bata. Mama watoto aliimba kidogo. Sikumbuki lini mara ya mwisho.

Jioni ameshusha sanduku lake, amelifungua. Nashukuru. Nimeandika neno hili na kulipigia mstari. Langu nimeliacha juu kwanza.

Jumapili, 9 Machi

Jana nilimpeleka kliniki. Daktari amesema goti linalegea vizuri. Kurudi, Jirani wa Juu alikuwa amekwama uani. Mkewe amekataa kushuka bila kiti. Nilimpelekea kiti. Nilimuuliza habari za huko juu.

Leo nimepita kwa fundi wa viti kuulizia nailoni mpya. Anayo, hata ngumu zaidi. Nilipokuwa hapo, Bwana Tabasamu akapiga simu. Amepata gari fupi kuliko letu, mlango unateleza wenyewe, mama hatainua hata kisigino. Kwa nyongeza kidogo tu.

Safari hii sikukurupuka. Mimi ni mtu wa maneno. Nikamuuliza waziwazi: nyongeza hiyo ni ya nani?

Akasema: Yetu sote, mzee wangu.

Neno zuri. Kesho natangulia yadi asubuhi, kabla mkate haujapoa.