Samaki wa Raghib na Kifua cha Nagwa

Jumatatu, 13 Januari

Daktari hajui kitu. Nimempeleka mke wangu Nagwa, kifua kinapiga filimbi, kila ngazi chache anasimama kutafuta pumzi. Samaki wa jirani yetu Raghib hakuwaulizia hata kidogo! Aliuliza tunapikia nini. Gesi. Dirisha la jikoni je? Nikajibu kwa fahari kwamba nimeliziba mwenyewe, nailoni na selotepu, na jioni tunawasha pleti zote nne za jiko nyumba ipate joto. Akashika kichwa. Eti moto wa gesi unatoa hewa mbaya isiyoonekana, inaumiza mapafu, tufungue dirisha leo hii.

Moto wenyewe wa buluu! Masizi hamna! Raghib anakaanga sato kila siku ya Mungu, dirisha lake linatazamana na letu kwenye kishimo cha hewa katikati ya jengo, halafu mkosaji awe jiko langu? Sifungui ng'o.

Jumanne, 14 Januari

Nimeazima kipima hewa kwa binti yetu Shirin, anachokitumia kazini. Nia: kumuumbua Raghib mbele ya wapangaji wote.

Nimekitoa ngazini, mlangoni kwake, akiwa anakaanga. Kimya. Nikakileta jikoni kwangu, birika likiwa motoni. Kikapiga kelele mpaka Nagwa akaja mbio. Raghib akachungulia kutoka kwake akauliza kama nimenunua kasuku.

Nimefikiri sana, nimepata jibu. Harufu ya samaki iliingia kabla sijaziba, sasa imenaswa humu ndani. Nimeongeza nailoni ya pili, harufu isizidi.

Nagwa amefunga virago. Anakwenda Tanta kwa dada yake. Amesema, "Baba Shirin, mimi nataka kupumua tu. Kaa na dirisha lako." Mlango haukubamizwa. Afadhali angeubamiza.

Alhamisi, 16 Januari

Mayai asubuhi, mayai mchana. Nyumba imenywea. Miaka yote hiyo sikujua saa ya ukutani ina kelele.

Lakini mimi si mtu wa kukata tamaa. Nimempigia simu: kesho mchana nampikia mlenda na sungura, kwa mikono yangu. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema atakuja kula tu, kulala nisahau.

Ijumaa, 17 Januari

Kumbukumbu za mtu aliyenusurika.

Niliwasha pleti zote nne tangu asubuhi, Nagwa akute joto. Nikafunga na mlango wa jikoni, joto lisitoroke. Kichwa kikaanza kuuma. Njaa hiyo, nikajua.

Ikafika saa ya kumimina kitunguu saumu cha kukaanga kwenye mlenda. Hapo lazima mpishi avute pumzi kwa nguvu, kama aliyeshtuka, hiiii! La sivyo mlenda hauna ladha, mama yangu hakuwahi kuiacha pumzi hiyo. Nikavuta. Nikavuta hewa yote ya jikoni lile.

Nilichokumbuka baadaye ni sakafu. Raghib alisikia hiiii, akangoja kucheka, kisha akasikia mtu akianguka. Akapitisha ufagio kwenye kishimo, akavunja kioo, nailoni zangu mbili zikachanika. Upepo ukaingia. Nikatambaa hadi mlangoni kumfungulia, akazima jiko, huku ananitukana: "Mjinga wewe! Unataka Mama Shirin awe mjane?"

Nagwa alifika akanikuta ngazini, nimefunikwa blanketi la Raghib, linanuka samaki. Alilia. Mimi pia, nisifiche. Kisha akala mlenda. Akasema ni mzuri!

Jumapili, 19 Januari

Nagwa amerudi! Nilisema sitakata tamaa.

Huko Tanta, anasema, kifua hakikupiga filimbi hata mara moja. Bila shaka. Tanta hakuna Raghib.

Sharti lake moja: niape mbele ya Raghib kwamba dirisha la jikoni halitazibwa tena. Nimeapa, mkono juu ya msahafu, Raghib akitabasamu kama bwana harusi. Kiapo ni kiapo, sitakivunja.

Chumba cha kulala hakikutajwa. Nimeziba dirisha lake vizuri sana, nailoni tatu, na nyuma ya kabati nimeweka jiko letu dogo la gesi la kuchemshia kahawa. Moto wake buluu safi. Nagwa anadhani joto linatoka kwenye blanketi jipya, amenishukuru, amejilaza apumzike.

Ameanza kukohoa. Samaki hao wameshafika mpaka huku!