Nilivyomfuata Samoni Hadi Mpakani

Jumapili, 3 Januari 2021

Déo amevua samaki. Kanisa zima linajua. Leo ibada tumeifuatia kwenye simu, na kabla hata zaburi haijasomwa picha ilishaingia kwenye kundi la Wapapa, akina baba wa kanisa: Déo ufukweni, kofia mpya, samoni mikononi, mrefu kama mguu wa kiti. Watu thelathini na wawili wameweka dole gumba. Mchungaji ameweka moyo. Moyo!

Nieleze, kwa faida ya wajukuu. Mimi na Déo tunaendesha forklift, mashine za kuinulia mizigo, ghala moja, zamu moja. Yeye ni mtu wa milimani, kutoka Walungu. Mimi ni Wilondja wa mji wa Baraka, mwana wa Ziwa Tanganyika. Kweli babu yangu alikuwa fundi cherehani, lakini wateja wake walikuwa wavuvi. Damu ni damu.

Nimeandika kundini kwamba hao wa kusini, alikovulia Déo, ni watoto wa samoni. Wakubwa wako kaskazini ya mbali, na wiki hii nakwenda kuwaleta. Nikatuma. Halafu nikafikiri. Huo ndio utaratibu wangu.

Mchana nikamwambia mke wangu, Katungu, kwamba nampeleka likizo. Anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na tangu Machi hajapumzika. Barakoa imemchora alama juu ya pua. Kazini wamempa wiki moja tu. Miaka ishirini ya ndoa. Harusi tulifungia ukimbizini, kambini Nyarugusu, fungate hatujawahi kuiona. Akaniuliza mara mbili kama kweli nampeleka kupumzika. Nikasema kweli. Akageuka akajifuta macho kwa kanga.

Nimejiona mume bora Toongabbie nzima, mtaa wetu hapa Sydney. Habari ya samoni sikumwambia. Asije akaichukulia vibaya.

Jumatatu, 4 Januari

Safari! Binti yetu Falone tumemwacha kwa shangazi yake Mount Druitt. Nilipanga tufike Queensland, jimbo la kaskazini yetu, lakini Queensland imewafungia mpaka wake watu wa Sydney. Haidhuru. Nimetafuta mji wa mwisho kabla ya mpaka: Tweed Heads. Kwenye ramani, kidole hakiwezi kupanda zaidi bila kukamatwa na polisi. Hiyo ni kaskazini ya mbali kwa mtu yeyote mwenye haki.

Jemadari mwenye akili hubeba askari wa akiba. Kwa hiyo Jumamosi nilikuwa nimepita kwa muuza samaki wa Merrylands, nikachukua samoni mzima, mnono, picha ya Déo isingefua dafu. Yumo kwenye kasha la barafu, chini ya mablanketi. (Jumamosi sikuwa bado nimeona picha ya Déo. Nilikuwa nimemsikia tu akijigamba ghalani. Huo unaitwa utabiri.) Katungu aliuliza kasha lina nini. Nikasema vitu vya gari.

Tumekaa barabarani kwa muda wa saa kumi na moja, na joto la kuivisha maandazi. Katungu aliimba mpaka mji wa Coffs Harbour, pambio baada ya pambio. Hajaimba hivyo tangu ugonjwa uingie. Niliringia sauti yake kana kwamba nimeitengeneza mimi.

Kwenye kambi ya watalii, mama mwenye kambi alisimama mbali na kutuuliza kama tunatoka Sydney, maana watu wa Sydney wanawaletea virusi. Nikajibu kwa fahari kwamba sisi ni Wakongo. Akashusha pumzi. Alisema Kongo haina neno, kinachomtisha ni Sydney. Tulikuwa tumeshapita! Lakini Katungu ni mlokole hadi mfupani. Akamwambia tunatoka Toongabbie. Mama akauliza Toongabbie iko wapi.

Tumepewa kibanda cha mwisho, karibu na mapipa ya taka. Nimemwonyesha Katungu faida yake: hatuna majirani.

Jumanne, 5 Januari

Asubuhi nilimwambia Katungu alale, mimi natoka kunyoosha miguu. Nilikuwa nimetoa fimbo ya kuvulia garini na kuificha vichakani. Mpango safi.

Kwanza nikaenda kuuona mpaka. Unapita katikati ya barabara ya mji! Vizuizi vya plastiki, polisi, na watu wa pande mbili wakipeana keki ya siku ya kuzaliwa kwa juu. Nikapitisha mguu mmoja. Askari msichana aliniomba kwa upole niurudishe. Mguu wangu wa kulia umekaa Queensland sekunde tatu. Naandika ili ijulikane.

Kisha gatini. Nikatupa ndoano kwa mtindo wa Baraka. Ilikamata kofia ya mzee mmoja wa kizungu, jina lake Colin. Hakukasirika. Akauliza navua nini. Nikasema samoni.

Colin alinitazama kama daktari anayetafuta maneno. Akasema samoni huku hufika wakati wa baridi. Kiangazi kama hiki wote hurudi kusini, kwenye maji ya baridi.

“Mmepishana nao njiani,” akasema.

Nimevua kwa muda wa saa tano. Nimepata majani ya bahari na kiatu cha mtoto. Kurudi kibandani, Katungu alikuwa ameketi mlangoni peke yake na vikombe viwili vya chai, kimoja kimepoa. Aliuliza kama miguu imenyooka. Nikasema sana.

Jumatano, 6 Januari

Kundini wameanza. Déo ameuliza kwa heshima zote kama samoni wa kaskazini wamepatikana, au tuwaombee. Nimeita askari wa akiba.

Katungu alipoingia bafuni nikalibeba kasha hadi ufukweni. Barafu ilikuwa imekwisha, na samoni naye amebadilika kidogo tabia. Pua yangu ilipinga lakini picha haina harufu. Nikaweka simu juu ya jiwe, nikamkumbatia samaki, nikajilowesha maji usoni ili nionekane nimepambana. Picha ya kwanza, ndege mkubwa mwenye mfuko mdomoni alinikaribia mno. Picha ya pili: mfalme!

Nikatuma. Maneno yangu: “Kaskazini ya mbali. Kazi ya dakika arobaini. Utukufu kwa Mungu.”

Dole gumba kumi. Ishirini. Mchungaji, moyo! Nilikaa mchangani nikijisikia mrefu. Halafu Déo akaandika.

Aliwaomba Wapapa waikuze picha. Waangalie tumbo. Samaki wa Papa Falone, ndiyo mimi, amepasuliwa na kuoshwa, utumbo hana. Akasema Bwana ni mwema, huko kaskazini samaki wanatoka baharini wametayarishwa, imebaki kukaanga tu.

Vicheko arobaini na moja. Mchungaji ameondoa moyo. Falone ameniandikia neno moja kwa Kiingereza, “Dad.” Sijui nani amemwonyesha.

Ndege amekula samoni. Angalau yeye hakuuliza maswali.

Alhamisi, 7 Januari

Kundi la Wamama nalo lilipata picha. Katungu aliiona wakati wa chai ya asubuhi. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele.

Aliuliza kama likizo hii ni yake au ya Déo.

Nikaanza kueleza habari za heshima ya Baraka. Akainua mkono. Akasema mwaka huu amewashika mikono wazee ambao watoto wao walikuwa wakiwapungia kwa nje ya dirisha. Akirudi nyumbani alikuwa anavua nguo gereji na kuoga kabla ya kumgusa binti yake. Wiki moja ameipata.

“Wiki moja, Papa Falone. Na umeniacha mlangoni na chai.”

 

Akachukua fimbo, akachukua ndoo, akatoka. Nikamfuata kwa mbali, nikiwa tayari kumwokoa, maana Katungu ni mtu wa Butembo, mji wa biashara na baridi. Maji atayajulia wapi?

Gatini alimsalimu Colin, akatazama maji kwa muda mrefu. Akahama upande wa pili, penye mchanga na kivuli. Akaifungua ndoano yangu kubwa akafunga ndogo. Chambo akakikata kwa meno! Akatupa bila sauti, kama mtu anayetandika kitanda. Baada ya muda fimbo ikapinda. Hakuvuta kwa pupa. Alimwachia, akamrudisha, akamwachia. Colin alisimama. Watu walisimama. Akatoka samaki wa kichwa bapa, mpana kama kiganja cha jitu, urefu mara moja na nusu ya samaki wa Déo. Nimepima kwa jicho, na jicho langu kwa mambo haya ni la haki.

Nilikimbia huku nikipiga kelele kwamba huyo ni mke wangu. Niliwaambia watu ambao hawakuuliza.

Hapo hapo afisa wa uvuvi akaja kukagua leseni. Mimi sina leseni, sikujua hata kwamba samaki wana karatasi. Katungu akatoa simu akamwonyesha yake. Afisa akapima samaki, akampongeza, akaenda.

Nikamuuliza leseni kaipata lini. Alisema Jumapili. Aliiona fimbo niliyoificha nyuma ya friji, akajikatia leseni kimya kimya.

“Nilidhani tunakwenda kuvua pamoja,” alisema.

Na uvuvi kajifunza wapi? Kyavinyonge, kwenye ziwa la Edouard. Bibi yake alikuwa akikausha samaki kwa moshi, na yeye aliishi kwake hadi umri wa miaka kumi na miwili. Nikashangaa, miaka ishirini hajaniambia! Akasema aliniambia mwaka wa kwanza.

“Ulikuwa unaongea,” akasema.

Niliketi naye. Nikaomba msamaha, kwa Kiswahili kwanza, halafu kwa Kifaransa ili uwe rasmi. Baadaye alinisogezea ndoo niishike. Nimeishika hadi alasiri. Ameniambia habari za bibi yake, na viboko waliokuwa wakitembea kijijini kama wateja. Sikumkatiza zaidi ya mara nne.

Ijumaa, 8 Januari

Siku nzuri kuliko zote. Katungu kavua wawili, mmoja kamrudishia bahari. Tumekaanga na Colin nje ya kibanda, Katungu akamfundisha kupaka chumvi na ndimu kwa ndani. Colin alisema tangu mpaka ufungwe hajala na mtu. Mwanawe yuko ng'ambo ya vizuizi, dakika kumi kwa miguu. Katungu akamwekea sahani ya pili bila kumuuliza.

Nimeomba ruhusa nitume picha yake kundini. Alikubali kwa sharti moja: niandike ukweli mtupu. Nikaandika: “Mke wangu amevua samaki huyu. Mimi nilishika ndoo.” Akasoma, akacheka mpaka akashika ubavu, akaenda kuosha vyombo.

Kabla ya kutuma niliongeza maneno machache tu: “chini ya uongozi wangu.” Bila hayo sentensi ilikuwa haina uti wa mgongo.

Déo amempigia saluti Mama Falone. Amemwomba awafundishe Wapapa kuvua. Kuhusu uongozi wangu hajasema lolote. Wivu.

Jumapili, 10 Januari

Toongabbie. Tumerudi salama. Katungu aliendesha yeye nusu ya njia, dirisha wazi, akiimba. Kesho anarudi kwa wazee wake. Alama ya pua imefifia, na nilipomtazama akipanga sare yake nilijivuna hadi kifungo cha shati kikabana. Nimempatia mwanamke huyu likizo ya maisha yake. Ni nani mwingine angefikiria Tweed Heads?

Leo baada ya ibada ya simu, Déo ametangaza kwamba Julai, msimu wa baridi wa huku, anaipeleka familia yake kwenye theluji. Kuteleza mlimani kwa mbao! Mtu wa Walungu!

Nimemjibu kundini kwamba sisi upande wetu theluji tumeizoea. Kwao mke wangu wana mlima Ruwenzori, mweupe mwaka mzima, na mimi kama mkwe nina haki zote. Nimewaalika Wapapa waje Julai waone mtu akishuka kutoka kileleni.

Nikatuma.

Mchana nimefanya mazoezi kwenye korido, soksi miguuni, sabuni kidogo kwenye vigae. Goti limevimba kiasi cha chungwa, na mlango wa choo hauna tena kitasa. Lakini mwendo ulikuwa mzuri sana.

Katungu ameuliza kelele zilikuwa za nini. Nimesema vitu vya gari.