Neno Zito Mwalimu Alilonipa

Jumatatu, 1 Septemba
Siku mbaya. Si kosa langu! Kichanja cha mzabibu cha jirani yangu Anestis kilizinyima jua nyanya zangu. Nikangoja aende shambani, nikakata nguzo kwa msumeno. Moja tu! Kichanja kizima kikalala chini. Jumapili binti yake Areti anaolewa, na karamu ilikuwa iwe chini ya kivuli hicho. Nikasingizia mbuzi. Anestis akauliza tangu lini mbuzi wanatumia msumeno.

Jumanne, 2 Septemba
Hanisalimu. Miaka thelathini tumecheza tavli, bao letu la dadu, mgahawani, leo kacheza na kasisi. Tena akirusha dadu anacheka kwa nguvu, makusudi, nisikie.
Mpango: barua. Maneno mazito, kazi hakuna. Nimempelekea Mwalimu Evanthia jibini aniandikie. Nikamwomba neno kubwa kuliko yote la kurekebisha makosa. Akatabasamu, akaandika: epanorthosi. Tamu hilo! Nikamwambia aliweke mara nne.

Jumatano, 3 Septemba
Aibu. Nimeisoma barua mbele ya mgahawa mzima: naahidi epanorthosi kamili kabla ya Jumapili! Makofi. Anestis akaniuliza, "Prodromos, unajua ulichoahidi?" Nikasema ndiyo, kuomba radhi.
Mwalimu akaweka kikombe chini. "Sivyo, mwanangu. Ndani yake mna orthos, Kigiriki cha kale, yaani kitu kilichonyooka, kilichosimama wima. Mababu zetu walilitumia kwa maana ya kusimamisha tena kilichoanguka. Radhi atatoa Anestis akipenda. Wewe kasimamishe."
Watu walicheka mpaka paka akakimbia. Na sahihi yangu iko pale chini! Anestis kaikunja barua, kaitia mfukoni.

Alhamisi, 4 Septemba
Nimesimamisha kichanja kwa kamba na vijiti vya kutambazia maharage. Kimesimama dakika kumi, kikaniangukia. Areti ndiye aliyenivuta kutoka chini ya majani. Alikuwa anacheka, kisha akawa analia. Akasema mzabibu ule aliupanda marehemu mama yake mwaka aliozaliwa yeye, na siku ya harusi alitaka kukaa chini yake, basi, hana kingine.
Nikaenda nyumbani kunoa shoka. Safari hii, hakuna mpango.

Ijumaa, 5 Septemba
Msituni tangu alfajiri. Nguzo nane. Mgongo!

Jumamosi, 6 Septemba
Nimechimba mashimo, mikono imejaa malengelenge. Anestis alinitazama dirishani asubuhi nzima. Mchana akatoka na nyundo, bila salamu, akasema upande wangu umepinda. Nikafurahi kama mtoto. Shina halikuvunjika, ashukuriwe Mungu. Tukaliinua pamoja, tukafunga tawi moja moja. Jioni kichanja kilikuwa wima kuliko zamani.

Jumapili, 7 Septemba
Harusi! Zabibu zilizobaki ni vishada vitano tu, lakini Areti alikaa chini yake akang'aa. Anestis akanimiminia divai. "Haya, jirani. Kesho tavli, na nitakufunga vibaya." Nikageuka upande, nikajifanya vumbi limeniingia machoni. Mwalimu kanibusu kipaji cha uso. Nimeletewa sahani tatu za kondoo. Kila mtu ananipongeza, utadhani mimi ndiye bwana harusi!
Ndipo nikawaza. Kama kusimamisha kilichoanguka kuna heshima hivi, kwa nini niishie kimoja? Uzio wa kasisi tayari umeinama. Unahitaji kusukumwa kidogo tu.