Kila Mtu na Picha ya Cheo Chake

Jumatatu, 3 Juni

Nimeteuliwa! Mdogo wangu wa kike anaolewa Jumamosi, na mimi ndiye nitakayeirusha harusi mubashara. Kusema kweli nimejiteua mwenyewe, lakini hakuna aliyepinga isipokuwa mama, baba, mke wangu na bwana harusi. Wote walitaka kazi apewe binamu yangu Waya, fundi simu, eti ana uzoefu. Uzoefu gani? Wa kubadilisha vioo! Mimi nina duka la fotokopi. Nimezeeka na mashine. Nimeamua Waya atashika kamera, mimi nitakaa kwenye kompyuta, penye ubongo wa shughuli. Waya akasema sawa tu, huku anatabasamu. Simwamini mtu anayetabasamu akinyang'anywa kitu.

Jambo lenyewe si la mchezo. Bibi amevunjika nyonga, hawezi kusafiri. Na Bibi ndiye aliyetulea mimi na mdogo wangu mama alipokuwa masomoni. Mdogo wangu ametangaza mbele ya wazazi kwamba hatatamka "nakubali" mpaka Bibi aseme kwa mdomo wake kuwa anamwona. Baba akacheka. Mdogo wangu hakucheka. Namjua huyu. Utotoni aliwahi kushinda juu ya kabati siku nzima kwa ajili ya soksi.

Jumanne, 4 Juni

Nimesoma maelekezo ya programu ya kurushia matangazo. Kumbe rahisi! Kamera inatoa video nzito mno. Kompyuta inaipokea na kuigeuza papo hapo iwe matoleo kadhaa, zito, la kati, jepesi, ili kila simu ipate inaloliweza. Kila toleo lina mipangilio yake ya picha na sauti, ndiyo inayoitwa profaili. Programu ikaniuliza kama nataka simu ya mtazamaji ijichagulie profaili yenyewe, kulingana na nguvu ya mtandao. Nilicheka peke yangu. Simu ijichagulie cheo? Kwa watu wenye adabu zao, nani anajichagulia kiti cha mbele? Nimekizima kitu hicho.

Badala yake nimepanga kwa heshima. Profaili ya juu kabisa, picha kali kuliko zote na sauti ya pande mbili, nimeiita Wazee. Hiyo ni ya Bibi na wa rika lake. Inafuata ya wajomba na mashangazi, kisha ya marafiki, kisha Vijana, ambao watavumilia. Chini kabisa nimetengeneza moja ndogo sana, picha kama stempu, sauti ya spika moja, kwa ajili ya wenzake Waya wa pale dukani kwake. Nimeiita Mlango wa Nyuma. Kila kundi na kiungo chake cha kufungulia matangazo.

Waya akaja kuchungulia. Akauliza Bibi anatumia simu gani. Nikasema ile ya zamani, yenye ufa. Akauliza mtandao wa kule ukoje. Nikasema mbovu. Akasema basi Bibi apewe ile ya chini kabisa. Jamani! Bibi yangu, apitie mlango wa nyuma! Nilimuuliza kama kwao hawafundishwi adabu. Akanikumbusha kwamba kwao ni kwetu.

Alhamisi, 6 Juni

Majaribio sebuleni. Mke wangu amekubali kukaa mbele ya kamera awe bwana harusi na bibi harusi kwa pamoja. Kompyuta ikaanza kugeuza profaili zote tano kwa mkupuo. Mwanzo ilihema. Kisha ikanguruma. Kisha ikanuka. Nikaikimbilia feni ya chumbani. Mke wangu akauliza yeye atalalaje na joto hili. Nikamwambia familia kwanza. Akasema na yeye ni familia. Sikuwa na muda wa mjadala.

Balaa jingine: sauti inaitangulia picha. Maneno ya mke wangu yanafika kabla mdomo haujafunguka. Kwa mara ya kwanza tangu tuoane nilijua atakachosema kabla hajakisema, na bado sikupata cha kujitetea. Waya akanyoosha mkono, akaichelewesha sauti kidogo kwenye mipangilio, mdomo na maneno vikakutana. Kabahatisha. Ningefika hapo mwenyewe.

Ili kumkomoa nimeuongeza uzito wa profaili ya Wazee mara mbili. Sasa unaweza kuhesabu nyuzi za kochi.

Ijumaa, 7 Juni

Nimempigia Shangazi, anayekaa na Bibi, tufanye jaribio la mwisho. Akafungua kiungo cha Wazee. Nikauliza anaona nini. Akasema duara. Linafanya nini? Linazunguka. Tukasubiri. Nikauliza tena. Akasema bado linazunguka, ila vizuri. Hatimaye akamwona mke wangu, mdomo wazi, jicho moja limefumba, ameganda. Bibi akasikika kwa nyuma akiuliza mkwe wake amepatwa na nini, na kwa nini hajapelekwa hospitali.

Nilimwagiza Shangazi afute kioo. Akafuta. Nikamwagiza amsogeze Bibi penye mtandao mzuri. Akauliza penye mtandao mzuri ni wapi. Nikasema mara nyingi ni juu. Akakata simu.

Waya alikuwa mlangoni, kasikia yote. Akarudi kufuta lenzi ya kamera yake. Hiyo ndiyo dharau yenyewe! Nimemweleza kwamba tatizo ni siku za kazi, watu wote wako mtandaoni. Jumamosi njia itakuwa nyeupe.

Jumamosi, 8 Juni

Siku yenyewe! Ukumbi umefurika. Mimi na meza yangu yenye kitambaa, feni, na vile visikilizio vikubwa vya masikioni. Sikuwa nimevichomeka popote, lakini vilinipa sura ya kazi. Vijana wenye simu za bei mbaya, waliokwama safarini, wakalalamika kwamba picha yao ina ukungu. Nikawajibu wakue.

Ikafika saa yake. Mfungishaji ndoa akamuuliza mdogo wangu kama anakubali. Yeye akageuka kunitazama. Ukumbi mzima ukageuka. Nikampigia Shangazi. Duara.

Mfungishaji ndoa akasema kwa upole kwamba ana ndoa nyingine ya kufungisha. Bwana harusi akaanza kuvuja jasho. Mama akaniita kwa majina yangu yote, mpaka la babu. Nikawaza haraka. Labda heshima haijatosha! Nikaupandisha tena ubora wa Wazee. Kompyuta ikanguruma hadi watoto wa safu ya mbele wakaziba masikio. Shangazi akaripoti kwamba sasa hata duara limesimama.

Baba akamwomba mdogo wangu aseme tu, Bibi ataonyeshwa video baadaye. Akatikisa kichwa. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alisema tu, "Kaka, nataka Bibi anione." Machozi yalikuwa yameshafika kwenye poda. Hapo moyo wangu ulivunjika kabisa. Ilikuwa harusi ya mdogo wangu, naye alikuwa analia kwa sababu yangu.

Nikamtazama Waya. Hakutabasamu. Macho yake yalikuwa chini kabisa ya kioo cha kompyuta yangu, pale penye profaili ya mwisho. Nikamtumia Shangazi kiungo cha Mlango wa Nyuma, nikafumba macho kwa aibu.

Nikaweka simu kwenye maikrofoni. Ukumbi mzima ukatega sikio. Mara sauti ya Bibi ikajaa kila kona: "Namwona! Namwona mjukuu wangu! Mbona amekonda hivyo? Haya, endeleeni, mnangoja nini?"

Mayowe! Vigelegele! Mdogo wangu akasema "nakubali" kwa nguvu hadi mshale wa kipimo cha sauti ukagonga pekundu. Bibi akasema amesikia, kiziwi si yeye. Mdogo wangu akacheka na kulia na kusema tena "nakubali", bila kuulizwa, na bwana harusi naye akasema, ingawa zamu yake ilikuwa imepita. Mimi nililia kama mtoto. Waya naye alilia, kamera ikatikisika. Nikamkumbusha kwamba tuko kazini.

Nimefurahi leo kuliko siku ya ndoa yangu. Nimemwambia mke wangu hivyo. Halikuwa wazo zuri.

Jumapili, 9 Juni

Bibi amepiga mwenyewe, sauti kavu kwa kushangilia. Amesema alimwona mjukuu wake wazi kabisa, akalisikia kila neno, hakukosa kitu. Ametushukuru Waya na mimi, kwa mpangilio huo. Nimelisamehe hilo, ni umri.

Kisha akaomba jambo. Mwezi ujao tunamuaga mjomba anayestaafu, na Bibi angependa kutazama. Akasisitiza tuirushe hafla hiyo kwa ile ile picha ndogo, tusibadilishe chochote, kwani ilimfaa sana.

Unyenyekevu gani huu! Bibi wa watu, nyonga imevunjika, na bado anaogopa kutusumbua. Anajifanya ameridhika na stempu ili sisi tusijisikie vibaya. Waya akasema huenda Bibi anamaanisha alichosema. Huyu Waya hamjui Bibi kabisa.

Mchana wote nimekuwa kwenye kompyuta. Mlango wa Nyuma nimeufuta, ile aibu isijirudie. Juu ya Wazee nimetengeneza profaili mpya, picha kubwa mara nne, sauti ya ukumbi wa sinema, na nimeipa jina la Bibi mwenyewe. Nimeijaribu kwenye simu zote za nyumbani, pamoja na ile mpya ya Waya. Haifunguki hata kwenye moja. Hiyo ndiyo heshima!