Remmy Amgeuza Mama Kunegunda Kuwa Mashoto

Siku Remmy Komba alipoiona bunduki yenye komeo upande usio wake, alimshukuru Mungu kwa sauti kubwa, mpaka mwenye duka akageuka kuuliza nani kapona.

Mwenye duka alikuwa Saleh, mtu mpole mwenye kofia iliyotariziwa na deni la usingizi, aliyekuwa akiuza silaha, nyavu na pampu za kupulizia dawa nyuma ya soko kuu la Songea. Remmy alikuwa ameingia kuomba maji ya kunywa. Aliomba maji kwenye maduka mengi, maana mtu akienda kukuletea maji hukuachia dakika mbili za kuangalia alicho nacho.

"Hiyo usiiguse," Saleh alisema. "Hiyo ni nuksi yangu. Niliagiza sita, tano zikaja kama watu, hii ikaja ya mashoto."

Akamwonyesha. Komeo, kile chuma unachokivuta nyuma na kukisukuma mbele ili ganda litoke na risasi nyingine iingie, kwa bunduki nyingine pale dukani lilikuwa kulia. Kwa hii lilikuwa kushoto. Wateja walikuwa wakiipenda kwa macho, wakiiweka begani, kisha wanapapasa upande wa kulia kama mtu anayetafuta swichi ya taa katika nyumba ya wageni. Halafu wanairudisha na kuulizia nyavu. Misimu miwili ya mvua ilikuwa imepita hivyo.

"Wallahi, Remmy, atakayeniondolea hii dukani nampa ile pikipiki."

Remmy akachungulia uani. Pikipiki nyekundu, imetumika lakini haijachoka, imeegemea ukuta kama mchumba anayesubiri posa.

Hapa inabidi tumwonee huruma kidogo. Remmy alikuwa tapeli wa miguu, na tapeli wa miguu soko lake ni finyu: mtu aliyemliza jana anakutana naye leo. Alikuwa amewahi kuuza kiwanja kimoja cha Mjimwema mara tatu, na watu watatu ni wengi sana kuwakwepa katika mji wenye vilima, maana ukikimbia unapanda. Ilifika mahali akabakiwa na mitaa miwili tu ambayo angeweza kupita bila kubadili kofia. Akiwa na pikipiki, Namtumbo ingekuwa yake, Mbinga yake, hata Tunduru wakati wa korosho. Bila pikipiki alikuwa amekwisha. Alijua hivyo, na jambo hilo lilimnyima raha kabisa.

"Sasa mashoto mwenye kibali cha polisi cha kununua bunduki utampata wapi?" Saleh aliuliza.

"Mashoto hatafutwi, kaka Saleh," Remmy alisema akirudisha kikombe. "Mashoto anatengenezwa."

Kesho yake asubuhi akaingia Mama Kunegunda.

Alikuwa mama wa miaka kama sitini, mjane, mkulima wa kijiji kimoja njia ya Namtumbo, amevaa kitenge cha jumuiya ya kanisa na viatu vya mvua. Kibali chake kilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya bahasha, ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani.

"Shikamoo mama," Remmy alisema, akichukua mahali pa Saleh bila kuombwa.

"Marahaba, mwanangu. Natafuta bunduki. Nguruwe pori wamenimalizia mahindi. Mwaka jana nimevuna magunia ya aibu. Mwaka huu wakirudia, nauza shamba, naenda kukaa kwa mkwe wangu nimsikilize anavyokohoa."

Alisema kwa kucheka, ila macho hayakucheka.

Remmy alimsoma kama gazeti. Mama alimpa mkono: wa kulia. Saleh alimletea chai: akaipokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko kwa heshima. Akafanya ishara ya msalaba kabla ya kunywa: kulia. Akamega andazi: kulia. Mtu wa kulia mtupu, hana hata kidole cha wasiwasi. Mwanzoni Remmy alikata tamaa, kisha akajikemea. Daktari hakimbii mgonjwa.

"Nionyeshe zile," mama alisema, akinyoosha kidevu kuelekea zile za kawaida. Ile ya kushoto aliipitishia macho kama kitu cha jirani.

"Subiri kwanza, mama. Huwezi kununua bunduki kabla hujapimwa mkono."

"Nipimwe mkono? Polisi wamenipima mpaka tabia."

"Polisi wanapima tabia. Mkono napima mimi." Remmy akavuta kiti, akavaa miwani ambayo haikuwa na nguvu yoyote. "Watu wengi, mama, wanatumia mkono ambao siyo wao. Wamezaliwa mashoto, wakageuzwa. Kwenye jembe haidhuru. Kwenye bunduki unakosa nguruwe, unapata mti. Hebu kunja mikono."

Mama Kunegunda akakunja mikono kifuani. Wa kulia ukawa juu.

"Umeona!" Remmy akapiga meza. "Wa kushoto umejificha chini. Kwa nini ujifiche kama hauna siri?"

"Yesu wangu," mama alisema.

"Funga jicho moja."

Akafumba la kulia.

"Lililobaki wazi ni lipi? La kushoto! Ndilo linalotaka kuona."

Saleh, nyuma ya kaunta, alianza kupangusa pampu ambayo ilikuwa safi.

"Sasa tengeneza duara kwa vidole, uitazame ile saa ya ukutani ndani yake kwa macho yote mawili. Usitikisike." Remmy akaweka kiganja mbele ya jicho la kulia la mama. "Saa unaiona bado?"

"Naiona."

Akahamisha kiganja kwenye jicho la kushoto.

"Imepotea," mama alisema taratibu.

Kipimo hiki, tofauti na vile vingine, Remmy alikuwa amekisikia kweli kwa askari mmoja wa wanyamapori: jicho linalobaki na shabaha ndilo jicho la kulengea. Alikuwa tayari kudanganya kuhusu matokeo. Hakuwa tayari matokeo yakubaliane naye. Akamtazama yule mama, akatazama kiganja chake, akaanza kujiogopa. Labda ana kipaji! Labda miaka yote hii alikuwa daktari na hakuna aliyemwambia.

Akaongeza sauti ya upole. "Mama, ulipokuwa shule, ulichapwa?"

"Nani hakuchapwa?"

"Ulichapwa mkono gani?"

Akaweka kikombe chini. "Wa kushoto," alisema. "Mwalimu alikuwa na fimbo ya mpera. Kila nikishika kalamu. Nilikuwa na miaka saba, mwanangu, mkono ukavimba mpaka mama yangu akanilisha yeye."

Kwa kitambo kidogo Remmy alimwonea huruma ya kweli, na hiyo ilimshangaza kuliko kile kipimo. Lakini pikipiki ilikuwa palepale uani, na huruma haina magurudumu.

"Walikuibia mkono wako, mama," alisema. "Mimi na kaka Saleh tunakurudishia." Akaishusha ile bunduki yenye nuksi, akaiweka mbele yake kwa mikono miwili.

Mama Kunegunda hakuigusa. Akaanza kulalamika. Loo, alilalamika! Kwamba mtu mzima hujifunzaje mkono mpya. Kwamba bunduki yenyewe imekaa sana, ina vumbi. Kwamba akitaka kuiuza baadaye hatapata wa kumuuzia. Kila lalamiko lilikuwa na ukweli, na Saleh alikuwa amechoka kuitazama ile bunduki, basi kila lalamiko likapunguza bei. Ilipofika nusu, Saleh akamtazama Remmy kwa jicho la mtu anayetolewa jino. Remmy akamkonyeza kwamba avumilie.

"Hata hivyo sijaridhika," mama alisema. "Mimi siyo mtu wa peke yangu. Nina watu kumi na wawili nyuma yangu."

"Kumi na wawili?"

"Kumi na wawili. Nikiinua mkono wanasimama. Nikiushusha wanakaa. Nikiwaambia kushoto, wote kushoto, hakuna anayebisha."

Remmy akaanza kuhesabu. Kikundi cha wakulima! Wenye nguruwe! Wote watafuata bunduki ya kiongozi wao, Saleh ataagiza nyingine kumi na mbili, na kila moja Remmy atakuwa katikati. Wakati huo pikipiki moja ilianza kuonekana kitu kidogo sana.

"Ila kuwafikia ndiyo shida," mama aliendelea, akitazama uani bila haraka. "Wametawanyika vitongoji vyote. Nitakwenda kwa miguu na umri huu? Mngekuwa na cha kunisaidia, kama ile nyekundu, hapo ningesema tumeelewana."

Remmy akaitazama pikipiki. Akamvuta Saleh pembeni.

"Mpe."

"Remmy, ile ni ya kwako. Ndiyo mapatano yetu."

"Ndoana bila chambo inavua nini? Mpe, kaka. Mimi nitachukua changu kwa wale kumi na wawili."

"Una hakika?"

"Nimempima mwenyewe!"

Saleh hakubishana. Aliandika hati ya mauziano, pikipiki kwa jina la Kunegunda Haule, Remmy akasaini kama shahidi kwa mbwembwe zote, akapiga mstari chini ya jina lake mara mbili. Makaratasi ya bunduki yakafuata. Mama akalipa, akafunga kitabu cha nyimbo, akasimama.

Kisha akaichukua bunduki.

Aliiweka bega la kushoto, shavu likalala kwenye kitako kama limezaliwa hapo. Mtutu akauelekeza juu, penye pembe ya paa. Mkono wa kushoto ukavuta komeo, ukasukuma, ukavuta, ukasukuma, mara nne, haraka, bila bunduki kushuka hata kidogo. Kelele ya chuma ikajaa dukani. Saleh akaacha kupanga makaratasi.

"Safi," Mama Kunegunda alisema. "Miaka mitatu natumia ya marehemu mume wangu, yenye komeo kulia. Napiga mmoja, halafu navuka juu kwa mkono kama mtu anayejikuna mgongo. Nikimaliza, nguruwe wa pili yuko mtoni anakunywa maji. Niliposikia Saleh ana ya kushoto, sikulala."

Remmy alivua miwani. "Mama, wewe ni mashoto?"

"Tangu tumboni."

"Lakini kila kitu ulifanya kwa kulia! Mkono ulinipa wa kulia, chai kulia, andazi kulia!"

"Kusalimia, kupokea, kula, kumwomba Mungu, huo ni mkono wa kulia, kwa mtu yeyote aliyelelewa. Kulima na kupiga ni wa kushoto. Wewe uliangalia adabu yangu, mwanangu. Hukuangalia kazi yangu."

"Na kwa nini hukusema?"

"Ningesema, mngeniuzia kwa bei ya mashoto."

Saleh akaangua kicheko, akaegemea kaunta, akafuta machozi kwa kofia yake. Bunduki imeondoka, nuksi imeondoka, na pikipiki angeitoa kwa vyovyote. Remmy hakucheka.

"Na wale kumi na wawili?" aliuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia maiti.

"Kwaya ya kanisa la kigango chetu. Mimi ndiye mwalimu wao. Tukiingia kanisani kwa kucheza, wote huanza mguu wa kushoto." Akafunga bunduki kwenye mfuko wake. "Nimekwambia uongo wapi?"

Remmy alitafuta. Kwa heshima ya taaluma yake alitafuta kwa dhati, neno kwa neno, na hakuupata.

Mama akaenda kituoni kuandikisha silaha. Remmy akaanza safari ya nyumbani Mjimwema, kwa miguu, jua la saa nane likimchoma utosini. Alikuwa nusu ya kilima cha kwanza aliposikia nyuma yake sauti ya mwanamume mmoja ikiita, "Remmy! Wewe Remmy! Kiwanja changu!" Hakugeuka. Akaongeza hatua, pumzi ikamwishia, akajua kwamba leo atakamatwa.

Pikipiki nyekundu ikasimama pembeni yake. Mama Kunegunda alikuwa juu, kitenge amekifunga vizuri, bunduki mgongoni.

"Nalala kwa shemeji yangu Mjimwema. Unakwenda?"

"Nakwenda, mama, nakwenda!" Remmy akainua mguu kupanda.

"Nauli kwanza."

"Mama! Hii pikipiki ilikuwa yangu!"

"Ndiyo maana nimesimama." Akamtazama yule mwanamume wa kiwanja, aliyekuwa sasa hatua thelathini nyuma, anapanda kwa hasira. "Naona mwenzako anakuja. Nimsubiri na yeye?"

Remmy akaingiza mkono mfukoni, akatoa nauli yote.