Kuta za Victorine

Jumapili, tarehe 4 mwezi wa saba, 1954

Victorine bado yuko kwao, kijiji cha Wamaza. Kisa chokaa! Kabla ya Pasaka kamisheni ya wazungu ilikuwa inakuja kukagua nyumba za sisi makarani tunaoomba karte, ile kadi ya serikali ya watu wastaarabu. Mke wangu alikuwa amezijaza kuta michoro ya udongo, kama afanyavyo kila kiangazi tangu tuoane. Nikapaka chokaa juu ya yote. Kazi safi. Kamisheni ikatazama uma zetu, ikatazama choo, ikaenda zake. Karte sijaiona. Victorine akatazama ule weupe, akasema hawezi kulala hospitalini na yeye si mgonjwa. Akafunga mzigo.

Leo baada ya misa nimekaa barazani peke yangu. Zamani, msimu huu, nyumba ilinukia udongo mbichi. Yeye angekuwa amechuchumaa chini ya dirisha, vidole vyekundu, akiimba kwa Kibangubangu, lugha ya kwao, na kunifokea nisimpitie karibu. Ninamkumbuka hadi tumbo linauma. Au ni ile mihogo niliyojipikia.

Jirani Faradji, fundi cherehani, anashauri niende Wamaza na mbuzi kuwaomba radhi wakwe. Radhi ya nini? Nina mpango bora. Nitachora kuta mwenyewe. Sifa zitafika Wamaza, naye atarudi mbio.

Jumanne, tarehe 6

Nimemwambia mkubwa wangu wa ghala la pamba kwamba nina homa. Kisha nikapita mbele ya ghala kwa baiskeli, nikielekea Nyangwe. Nilikuwa nimeinama sana. Nadhani hakunitambua, ingawa alinipungia mkono.

Njia ni ileile. Tulipokuwa wapya katika ndoa tulikuja huku kuchimba udongo mwekundu kando ya mto Lualaba, Victorine amekaa nyuma yangu, kikapu mapajani. Kwenye mteremko alinishika shati na kupiga kelele za furaha. Kwenye mlima alishuka akasukuma, akinicheka njia nzima. Leo nimesukuma mwenyewe na hakuna aliyenicheka. Nililia kidogo. Usiku huu nalala kwa shangazi Cécilia, aliyenipa samaki na lawama.

Jumatano, tarehe 7

Udongo nimepata, mwekundu na mweupe. Tatizo: nichore nini? Nimeishi na michoro ile miaka yote na sikumbuki hata mmoja. Naikumbuka mikono yake tu.

Bahati! Karibu na gati la mitumbwi nimeona nyumba yenye duara nyeupe kando ya mlango, mbili mbili, kutoka chini hadi juu. Nzuri mno! Nimezinakili kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Mama mwenye nyumba alidai kwanza nitupe kitu ndani ya ungo. Kumbe Nyangwe siku hizi wanalipisha watazamaji! Nikatupa kifungo cha koti. Wanawake wawili wakaniimbia wimbo kuhusu makalio yangu. Watu wa mtoni hawana adabu.

Ijumaa, tarehe 9

Nimechora tangu asubuhi. Duara zangu zimepinda kidogo, lakini ukitazama ukiwa barabarani, na ukiwa unatembea haraka, ni nzuri.

Faradji amevuka njia na utepe wake shingoni. Akaniuliza kama najua ninachochora. Nikamjibu kwamba ninachora sanaa. Akaenda kumwita mkewe, Subira. Wakasimama pale wote wawili, mabega yakitikisika. Wivu huo!

Jumapili, tarehe 11

Sijui nianzie wapi.

Baada ya misa lilikuja kundi zima la wanawake, majani mikononi, Régina wa kwaya mbele. Régina, mtu wa ekaristi! Waliimba juu ya suruali yangu na vilivyomo, maneno ambayo siwezi kuyaandika hata hapa. Walileta mayai, chumvi, na kuku. Wote wanauliza: “Mama ya mapasa iko wapi?”

Ndipo Faradji akaninong'oneza, machozi ya kicheko yakimtoka. Duara nyeupe mbili mbili mlangoni maana yake nyumba imepata mapacha, ambao huku tunawaita mapasa. Kila mgeni lazima atoe kitu, majirani lazima waje kumtukana baba, na baba haruhusiwi kukasirika. Mimi nimekulia bweni la misheni. Huko tulifundishwa mito ya Ubelgiji. Na kwa kuwa Victorine yuko kwa mama yake tangu Pasaka, mtaa mzima ukaamini alikwenda kujifungua na sasa amerudi.

Ningesema ukweli. Nilikusudia kabisa. Lakini nyumba ilikuwa imejaa sauti, mara ya kwanza tangu aondoke, na moyo wangu ulikuwa umechoka na ukimya. Nikasema mama amelala na watoto. Kisha nikacheza ngoma nikitukanwa, na nilifurahi kweli.

Jumatano, tarehe 14

Lori la chumvi limefikisha habari Wamaza: Raphaël wa ghala la pamba ana mapasa nyumbani. Na Victorine anajua vizuri kwamba yeye hajazaa.

Leo ameshuka kwenye lori hilohilo, na mama yake. Hata salamu hakuna. “Raphaël, ile mwanamuke iko wapi?” Akatazama chini ya kitanda. Akatazama jikoni. Akamkuta kuku.

Nikaeleza yote. Akaenda mlangoni, akagusa duara zangu, akauliza nani kachora masahani haya. Mimi. Udongo umetoka wapi? Nyangwe. Kwa baiskeli? Kwa baiskeli. Akauliza nani alisukuma pale mlimani. Nikamwambia hakukuwa na mtu.

Akakaa chini, akacheka hadi akalia. Nami nikalia, safari hii wazi kabisa. Mama mkwe akasema hakupanda lori kuja kutazama wajinga wawili, na huyo kuku anapikwa lini.

Victorine anabaki! Sharti moja: nisiguse tena kuta zake, wala kwa chokaa wala kwa kidole. Nikaapa mbele ya mama yake.

Jumamosi, tarehe 17

Kuta zimekwisha. Ndege, mahindi, wanawake wanaotwanga. Nyumba inanukia kama mwaka ule wa kwanza. Kando ya dirisha ametuchora sisi: baiskeli, mlima, yeye nyuma anasukuma. Nimesimama hapo asubuhi nzima.

Ila kuna kasoro. Amenichora bila kofia! Mimi, karani! Yeye na mama yake wamekwenda shambani, na udongo umebaki kidogo bakulini. Kofia si ukuta. Kofia ni kitu kidogo tu.

Nimechora kofia. Ikawa kubwa. Ikachuruzika. Nikaifuta kwa leso, na leso ikapita na kichwa changu, mlima, na nusu ya Victorine.

Nasikia wanatua vikapu uani. Nitasema ni mvua. Haijanyesha tone tangu mwezi wa tano, lakini lazima ianzie mahali fulani.