Jiko la Nyuma ya Kabati

Jumanne, 5 Mei 2009

Nyumba inauzwa! Magoti ya mke wangu Célestine yamezikataa ngazi zetu, na binti yetu Gaëlle ametutafutia fleti ya chini kule Bredäng, jirani naye. Lakini nyumba hii ya Upplands Väsby, hapa Uswidi, isipouzika, hatuhami.

Dalali wetu Yara amekuja kukagua. Kufika uani, akasimama. Akauliza kibali cha jiko lile kiko wapi. Nikamweleza kwa utulivu kwamba makayabu, samaki wetu wa chumvi, hayakaangwi kwenye nyumba yenye mapazia, ndiyo maana nililijenga jiko nyuma, kwa mikono yangu. Akasema, "Papa Baudouin, nimeuliza kibali, sijauliza samaki."

Kibali hakuna. Anataka niombe manispaa sasa hivi, na wanunuzi waambiwe. Binti mzuri. Hana subira.

Alhamisi, 7 Mei

Nimepata njia! Manispaa ni polepole, kabati ni haraka. Nimelisukuma kabati la nguo mpaka likaziba mlango wa jiko kwa ndani. Kwa nje nimetundika baiskeli na koleo la theluji. Sasa ni banda.

Célestine amecheka mpaka akakaa chini. Ameuliza lile bomba la moshi ni la baiskeli gani. Jirani yetu Filip naye akachungulia juu ya ua, akauliza kama tumekoma kupika. Nikaanza kumweleza historia ya mabanda. Akaondoka katikati.

Jumapili, 10 Mei

Siku ya wanunuzi kutazama nyumba. Desturi ya hapa: watu huvua viatu, hunong'ona, hugongagonga kuta, huondoka. Mwenye nyumba hatakiwi kuwepo. Tukaenda kanisani.

Katikati ya mahubiri nikashtuka. Watu tele nyumbani kwangu, na hakuna aliyekaribishwa hata chakula! Aibu! Nikamwacha Célestine na kwaya, nikakimbilia treni.

Niliwaketisha wote. Nikawaombea baraka. Nikawaahidi bugali na sombe, kisamvu chetu. Sombe iko wapi? Jikoni. Jiko liko wapi? Nyuma ya kabati. Wanaume wanne wenye soksi walinisaidia kulisogeza.

Yara alifumba macho.

Jumatatu, 11 Mei

Yara amepiga simu. Akafoka, akacheka, akafoka tena. Wote wamejitoa, isipokuwa Wanjohi na mkewe, Wakenya wapenda nyama choma. Wanaitaka nyumba kwa sababu ya jiko! Ila kibali kwanza. Na kabla ya kibali, manispaa itamuuliza jirani. Filip!

Nimekwenda kwake nikiwa na hoja saba. Ya kwanza haikuisha. Amesema amenusa samaki wangu miaka sita na hajawahi kuitwa hata siku moja. Nimerudi nyumbani na hoja zangu zote. Célestine amempelekea sahani ya samaki. Filip ameirudisha tupu, anauliza kama kuna pilipili zaidi.

Jumamosi, 29 Agosti

Kibali kilitoka, pamoja na faini. Wanjohi amesaini. Tumehamia Bredäng! Célestine ametembea hadi kwa Gaëlle, akarudi, akaenda tena, kwa raha tu, bila ngazi hata moja.

Yara amekuja na maua. Nikamweleza, kwa faida yake, kwamba kibali hutangulia nyundo. Amenisikiliza hadi mwisho, karibu machozi yamtoke.

Alipoondoka nikaugonga ukuta wa sebule. Mwembamba sana. Hauwezi kuwa umebeba chochote, na ukiondoka, kwaya nzima ya kanisa inaenea humu. Nimemwambia Célestine alale kwa Gaëlle mpaka vumbi litulie.